Mtoto Ameona Kabla Hajasoma

Mwezi Machi 2023, mzazi mmoja katika jimbo la Florida nchini Marekani aliandikia shule ya msingi ya mwanawe akitaka filamu fulani isionyeshwe tena kwa watoto wa darasa la pili. Filamu hiyo ya mwaka 1998 inasimulia kisa cha kweli cha Ruby Bridges, binti mweusi wa miaka 6 ambaye tarehe 14 Novemba 1960 aliingizwa katika shule ya wazungu mjini New Orleans akiwa katikati ya maafisa wa serikali kuu, huku nje watu wazima wakimzomea. Mzazi alihofia kwamba watoto wangetoka pale wamejifunza kuwa wazungu wanawachukia weusi. Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Januari 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri inayotaka fedha za serikali kuu zisigharimie shuleni mafundisho ambayo serikali yake inayaita kasumba, na suala la rangi limo ndani yake.

Huku kwetu habari hizi hupokewa kama ugomvi wa vyama vya watu wengine, au kama mabishano juu ya historia ya Marekani. Naona tunazisoma vibaya. Kinachobishaniwa ni mtoto: anajua nini, na amekijulia wapi. Wanaotaka vitabu viondolewe na wanaovitetea wameanza na dhana ileile, kwamba mtoto ni chungu kitupu na kitabu ndicho kinachotiwa ndani. Wa kwanza wanaogopa sumu, wa pili wanatarajia dawa. Dai langu ni kwamba hadithi fupi zinazomwonyesha mtoto akiutambua ubaguzi wa rangi na pengo la mali hazimpi msomaji mdogo habari mpya. Habari anayo. Zinampa mwenziwe aliyeona alichokiona yeye, na ndiyo maana zina nguvu kuliko mahubiri yoyote.

Tuanze na Ruby mwenyewe, kwa kuwa jina lake ndilo linalotajwa. Ameeleza mara nyingi, akiwa mtu mzima, kwamba siku ile hakuelewa kilichokuwa kikiendelea. Aliposikia makelele na kuona umati alidhani ni Mardi Gras, ile sikukuu ya mitaani ya mji wao. Alikaa mwaka mzima darasani peke yake na mwalimu mmoja, kwa sababu wazazi wazungu waliwaondoa watoto wao. Alielewa siku alipokutana na mvulana mdogo wa kizungu ambaye alimwambia, bila chuki yoyote, kwamba mama yake amemkataza kucheza naye kwa kuwa yeye ni mweusi. Hapo ndipo mambo yote yakakaa mahali pake: umati, makelele, darasa tupu. Hakuna kitabu kilichohusika. Aliyemfungua macho ni mtoto mwenzake, naye alikuwa akirudia maneno ya nyumbani.

Miongo miwili kabla ya hapo, wanasaikolojia wawili weusi, Kenneth Clark na mkewe Mamie, walikuwa wamekwisha kulithibitisha jambo hili kwa njia nyingine. Walichukua watoto weusi 253 wa miaka 3 hadi 7, wakawaonyesha wanasesere wanaofanana kila kitu isipokuwa rangi, kisha wakauliza yupi mzuri, yupi mbaya, na mwishowe yupi anafanana nawe. Wengi walisema mzuri ni mweupe. Lilipofika swali la mwisho, wapo waliotoka chumbani wakilia. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliutaja utafiti wa Kenneth Clark ilipotangaza kuwa kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma. Aliyemweleza kuwa mweusi ni mbaya hakutumia kitabu.

Haki inadai tuiangalie pia hoja ya upande wa pili kama ilivyoandikwa, maana mara nyingi hupotoshwa. Sheria ya Florida ya mwaka 2022 haisemi kwamba mwanafunzi asihuzunike akisoma historia. Inakataza kumfundisha mwanafunzi kwamba ni lazima aone hatia au uchungu kwa matendo yaliyofanywa zamani na watu wa rangi yake. Kwa maneno hayo, sioni wa kupinga. Hakuna mtoto anayestahili kubebeshwa dhambi za babu yake. Tatizo limo katika umbali mdogo uliopo kati ya kumwambia mtoto ni lazima aone hatia na mtoto kuumia mwenyewe anaposoma. Mwalimu anayeogopa barua ya mzazi hatapima umbali huo kwa rula. Ataona heri akiache kitabu kabatini. Shirika la waandishi la PEN America lilihesabu zaidi ya matukio 10,000 ya vitabu kuondolewa shuleni katika mwaka wa masomo wa 2023 hadi 2024, kwa sababu mbalimbali, rangi ikiwa mojawapo. Sheria ikisomwa vizuri haina ugomvi na hadithi fupi, kwa sababu hadithi nzuri haimwamuru msomaji ahisi nini. Wanaoishika sheria hiyo mkononi ndio wanaoisoma hadithi kama waraka.

Kuna hadithi moja inayonirudia kila mjadala huu unapozuka. Mwandishi Toni Cade Bambara, aliyezaliwa New York mwaka 1939 na kukulia Harlem, mtaa wa watu weusi wa mji huo, aliitoa mwaka 1972 katika mkusanyiko wake *Gorilla, My Love*. Kwa Kiingereza inaitwa "The Lesson". Ukiitafsiri kwa Kiswahili, jina linakuja lenyewe, "Somo", na papo hapo Kiswahili kinaongeza kitu ambacho Kiingereza hakina. Kwa watu wa pwani, somo ni funzo, na ni yule mwanamke mzima anayekabidhiwa mwari amfunde mambo ambayo mama mzazi hawezi au haoni vyema kumwambia. Na hadithi ya Bambara ina somo wa aina hiyo hasa. Miss Moore ni jirani, si mama wa yeyote kati ya watoto wale. Amesoma chuo, anavaa na kuongea tofauti na wengine mtaani, na amejitwika mwenyewe kazi ya kuwaelimisha watoto wa wenzake. Watoto hawampendi. Siku moja ya kiangazi anawapakia kwenye teksi na kuwapeleka Fifth Avenue, barabara ya maduka ya matajiri, kwenye duka la wanasesere na michezo la FAO Schwarz.

Msimulizi ni Sylvia, msichana mwenye mdomo mkali. Miss Moore anampa dola 5 za kulipia teksi, nauli inakuwa senti 85, na Sylvia hairudishi chenji. Kwenye dirisha la duka wanaona hadubini ya dola 300, kibao cha kuzuia karatasi cha dola 480 ambacho wengi wao hawajui hata kazi yake, na mashua ya kuchezea ya dola 1,195. Mashua ndiyo inayowapiga butwaa. Lakini mahali ambapo hadithi inafikia kilele chake cha kweli, kwa maoni yangu, ni mlangoni. Sylvia amekuja na ubabe wote, na mara mkono unashindwa kuushika mlango. Anaona haya. Anajiuliza aone haya ya nini, na yeye ana haki ya kuingia kama mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyemzuia wala mlinzi aliyemfukuza. Haya ile alikuja nayo kutoka nyumbani, na duka limemwonyesha tu kwamba anayo.

Wakirudi nyumbani kwa treni, hadithi inafanya hesabu. Dukani kulikuwa na kikaragosi cha kuchezea cha dola 35, na Sylvia anakikumbuka akiwaza vitanda vya watoto wa kwao, safari ya nyumba nzima kwenda kumtembelea babu kijijini, kodi ya nyumba. Haziiti hizo hesabu ukosefu wa usawa. Neno hilo halimo kinywani mwake. Anahesabu tu kama anavyohesabu mtoto yeyote aliyezoea kutumwa dukani na pesa pungufu. Baadaye Miss Moore anawauliza wafikirie ni jamii ya namna gani ambamo mtu anaweza kutumia kwenye kichezeo fedha ambazo zingelisha familia ya watu sita au saba. Binamu yake Sylvia, Sugar, ndiye anayejibu, na anajibu vizuri: demokrasia gani hii, ikiwa watu hawana nafasi sawa ya kupata fedha. Hapo mwandishi dhaifu angeweka nukta ya mwisho. Bambara anamfanya Sylvia amkanyage mwenzake mguu ili anyamaze. Amesaliti nini Sugar? Amesema kwa sauti kitu ambacho Sylvia bado anakishika kifuani, na amekisema mbele ya mtu mzima aliyekuwa akikingoja.

Nimesikia ikisemwa kwamba hadithi za namna hii hupanda chuki na kumharibu mtoto mweupe kwa hatia na mtoto mweusi kwa kinyongo. Hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na hadithi yenyewe inaivunja bila msaada wangu. Sylvia amekasirika tangu mstari wa kwanza, kabla ya teksi, kabla ya mashua. Amekasirikia joto, mwalimu huyu asiyetakiwa, likizo iliyoharibiwa. Hasira imo ndani yake kama maji kwenye mtungi uliopasuka, inavuja kila upande na kulowesha wasiohusika. Kile ambacho siku ile inafanya ni kuipa anwani. Mtoto mwenye hasira isiyo na anwani humpiga mdogo wake. Akijua imetoka wapi, anaweza kwenda kukaa peke yake akafikiri, na ndivyo anavyofanya Sylvia mwishoni: Sugar anakimbia mbele kwenda kuzitumia zile dola nne, yeye anamwacha atangulie.

Hoja yenye uzito ni nyingine, na anayeitoa si lazima awe mbaguzi. Anasema utoto ni mfupi, dunia ina siku nyingi za kumwonyesha mtu ukatili wake, basi tuache miaka michache ya kucheza. Mimi pia ni mzazi na hoja hii inanigusa. Nakubali kwamba umri ni kitu. Alice Walker ana hadithi ya kurasa mbili hivi, "The Flowers", ya mwaka 1973, ambamo Myop, binti wa miaka 10 wa familia inayolima shamba la mtu kwa kugawana mavuno, anatembea msituni akichuma maua na kukanyaga mabaki ya mtu aliyenyongwa. Anaona kamba. Anayalaza maua yake chini, na kiangazi kimekwisha. Sitampa mtoto wa darasa la pili hadithi hiyo. Wa miaka 14 nitampa, na nitakaa naye. Lakini anayetaka utoto ulindwe ajibu pia ni utoto wa nani. Ruby Bridges hakuulizwa kama miaka sita inatosha. Myop aliliokota jambo lile njiani, akichuma maua. Utulivu unaoombwa kwa niaba ya watoto wote ni utulivu ambao baadhi yao hawakuwahi kupewa, na kuiondoa hadithi kunamlinda yule tu ambaye hakuwa hatarini.

Sasa niseme na walio upande wangu, kwa sababu utetezi wao unanisumbua karibu sawa na mashambulizi. Wanasema hadithi hizi hufundisha huruma: mtoto wa tajiri akisoma habari za maskini, moyo wake utalainika na dunia itakuwa bora. Waandishi wenyewe hawaahidi hivyo. Katika "The Doll's House" ya Katherine Mansfield, ya mwaka 1922, tuko New Zealand, kwenye shule ambayo mtoto wa hakimu na mtoto wa mfua nguo wanasoma pamoja kwa kuwa hakuna nyingine karibu. Akina Burnell wameletewa nyumba nzuri ya wanasesere na wanafunzi wote wanaalikwa kuiona, wawili wawili, isipokuwa Lil na Else Kelvey, mabinti wa mfua nguo, ambao huvaa mabaki ya mapazia na vitambaa vya nyumba ambazo mama yao anazifulia. Kezia Burnell anawahurumia. Anawafungulia geti na kuwaonyesha. Huruma yake ni ya kweli, na inadumu muda wa dakika chache tu, hadi shangazi anapotokea na kuwafukuza kama kuku. Hakuna kilichobadilika katika mpangilio wa ule mji. Mansfield anatuacha na dada wawili wamekaa juu ya bomba la maji barabarani, na Else, ambaye ni nadra kufungua mdomo, anasema kwamba ameiona ile taa ndogo.

Doris Lessing alikwenda mbali zaidi katika "The Old Chief Mshlanga", iliyotoka mwaka 1951. Msichana wa kizungu amekulia shambani Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kichwani amejaa misitu ya hadithi za Ulaya, mkononi ana bunduki na ubavuni mbwa wawili. Anakutana na mzee wa heshima njiani na polepole anagundua kwamba nchi anayoiita shamba la baba ilikuwa nchi ya mzee yule. Anazinduka kweli. Anajifunza salamu na heshima. Kisha mbuzi wa wanakijiji wanaingia kwenye mazao, baba yake anawachukua mbuzi kama fidia, na mwishowe kijiji kizima kinahamishwa kupelekwa mbali kwenye eneo lililotengewa Waafrika, kama sheria ya ugawaji ardhi ya mwaka 1930 ilivyoruhusu. Moyo mwema wa msichana haukuzuia kitu. Anayezitetea hadithi hizi kwa kuahidi huruma anaahidi kile ambacho hadithi zenyewe zimekwisha kukipima na kukiona kinapungua.

Hata neno tunalolitumia lina kasoro. Tunasema mtoto "amezinduka", kama aliyekuwa amelala au amezimia. Sylvia hakuwa amelala, wala Else. Wazee wangesema mtoto "ameng'amua", na neno hilo ni zuri zaidi, kwa sababu anayeng'amua huanza na kitu kilichokuwa mbele yake siku zote. Nilipokuwa darasa la nne, asubuhi moja mwalimu alisoma mstarini majina ya ambao wazazi wao hawajalipa mchango wa shule, wakaambiwa warudi nyumbani. Jina langu halikuwamo. Niliwatazama wakiondoka na mifuko yao ya plastiki, nikatambua kwamba walikuwa walewale wa muhula uliopita, na kwamba nilikuwa nikijua hivyo tangu zamani. Hatukulizungumza, wala na walimu wala nyumbani. Tuliingia darasani tukafanya hesabu za kugawanya.

Fasihi yetu inayajua haya. Katika mkusanyiko wa *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine* wa mwaka 2016, ambao uliwahi kutahiniwa katika shule za sekondari Kenya, Alifa Chokocho ana hadithi iitwayo "Tulipokutana Tena". Bogoa alitolewa na wazazi wake maskini akakae kwa mwanamke mwenye uwezo, kwa matumaini ya maisha bora. Huko alifanywa mtumishi huku watoto wa nyumba ile wakisoma. Tofauti moja na Sylvia inanishughulisha. Bogoa anayasimulia hayo akiwa mtu mzima, ameketi na marafiki wa utotoni, baada ya miaka mingi ya kuyafunga moyoni. Sylvia alikuwa na Miss Moore, hata kama hakumtaka. Bogoa hakuwa na somo. Aliyaona yote, akakosa mtu wa kusimama naye mlangoni.

Na hadithi kama hiyo tukishaipata, tunaifanyia nini? Tunaipitisha kwenye mwongozo. Mwanafunzi anaambiwa aorodheshe maudhui, dhamira, sifa za wahusika, na kuandika kwamba mwandishi anatufunza kuwa dhuluma ni mbaya. Anapata alama zake na Bogoa anarudi kabatini. Sifananishi mtihani na amri ya rais, lakini kosa la kusoma ni moja: hadithi imefanywa waraka wenye ujumbe, na mtoto amefanywa mpokeaji. Swali ambalo lingeamsha darasa zima halimo kwenye mwongozo wowote niliouona. Je, wewe umeliona wapi hili?

Ningependa kuona "Somo" imefasiriwa kwa Kiswahili na kuwekwa mikononi mwa wanafunzi wa kidato cha kwanza, bila maswali nyuma ya kitabu. Dola 1,195 zibaki dola 1,195. Watapiga hesabu wenyewe, maana wanaijua bei ya unga na kodi ya chumba. Mwalimu akimaliza kuisoma kwa sauti, anyamaze kidogo. Wapo watakaocheka kwa sababu ya chenji ya teksi, na wapo watakaobishana kama Sylvia ni mwizi. Na pengine nyuma ya darasa atakuwapo mmoja ambaye hatacheka wala kubishana. Mwalimu asimwite jina amuulize amejifunza nini. Amwachie kitabu mpaka Jumatatu.